Mipira ya Gari na Mali ya Yatima

Ndugu wasomaji, katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma khabari za malezi ya watoto, za ndoa na za urathi. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitazami ila kinapopasuka njiani, nacho ni tairi la gari. Msinicheke, wala msigeuze ukurasa. Jambo hili limenifika mimi mwenyewe, nami ni mwalimu wa chuo niliyekwisha kupita miaka hamsini. Na limenifundisha kwamba mtu aweza kuwa mwangalifu wa kila senti iliyo mkononi mwake, kisha akamwaga maelfu ya shilingi barabarani pasi na kuhisi.

Khabari yenyewe ni hii. Ndugu yangu alipofariki aliacha mjane, watoto wanne na gari moja dogo, Toyota Aqua, la namna ile iitwayo haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Mtoto mkubwa alilishika gari akawa analiendesha teksi hapa Mombasa, na pato lake ndilo lililokuwa likiiweka nyumba: chakula, kodi na karo za wadogo zake. Mimi, kwa kuwa ndimi niliyesalia katika ndugu wa baba, nilikabidhiwa hesabu. Kila Ijumaa kijana huja kula kwangu, akaniletea daftari: kilomita alizokwenda, lita alizonunua, na fedha zilizobaki. Mali ile si yangu. Ni mali ya yatima, na kila ajuaye uzito wa maneno hayo atafahamu kwa nini nilikuwa nikihesabu hata shilingi kumi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2024 matairi ya gari lile yalikuwa yamekwisha, yamebaki vipara. Kijana alitaka tununue mapya. Mimi nikamwambia asubiri. Nikaenda kwa fundi wa pancha ninayemjua, akanionyesha matairi manne ya mtumba yaliyotoka Japani, manene, yenye meno marefu kana kwamba hayajaguswa. Bei yake ilikuwa pungufu ya mapya kwa shilingi 12,000. Nikafurahi, nikalipa, nikarudi nyumbani nikijiona kuwa ni mwangalizi hodari wa amana ya watu.

Mwezi mmoja haukupita, daftari likaanza kusema maneno mengine. Gari lililokuwa likienda kilomita 22 kwa lita moja likawa linakwenda 19. Nikamtazama kijana kwa jicho la shaka, na jambo hili nalijutia mpaka leo. Nikamwuliza, “Mwanangu, petroli yaenda wapi?” Akainama, akasema, “Wallahi, Ami, naitia yote ndani ya gari.” Sikumjibu. Lakini kunyamaza kwangu alikufahamu, na tangu siku ile akawa haketi tena kula nami siku ya Ijumaa. Huliacha daftari mlangoni, akatoa salamu, akaenda zake.

Tukalipeleka gari kwa fundi mmoja, ambaye simtaji. Alitusikiliza dakika mbili, akasema bila ya kufunua hata boneti, “Maalim, hii ni betri kubwa imekwisha. Haibridi zote ndivyo zilivyo.” Bei aliyoitaja ingalizimaliza akiba zote zilizowekwa kwa ajili ya masomo ya mtoto wa pili. Shemeji yangu aliposikia alisema, “Shemeji, bangili zangu zipo. Afadhali nizitoe hizo kuliko mtoto kukaa nyumbani.” Usiku ule sikulala.

Ikaja masika. Siku moja kijana akiteremka kutoka daraja la Nyali, mvua ndiyo kwanza inaanza, alikanyaga breki na gari likateleza kama lililopakwa sabuni, likagonga tuktuk kwa nyuma. Hapana aliyeumia, alhamdulillahi, illa taa ya watu ilivunjika nasi tukailipa. Hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja auzaye matairi, mtu ambaye mimi na yeye tulisoma chuo kimoja udogoni. Alichutama kando ya gari, akapitisha kiganja juu ya tairi, akasoma maandishi ya ubavuni, kisha akacheka kwa huzuni. Akanionyesha neno STUDLESS. “Maalim, haya ni matairi ya nchi za theluji. Mpira wake umefanywa laini kusudi ushike barafu. Wewe umeuleta kwenye lami ya Mombasa wakati wa kaskazi.” Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko: kiwanda kimeagiza tairi la 175, nasi tulivaa 185. Akapima upepo: palipotakiwa ratili 33, pana 22. Akanishikisha ukingo wa matairi ya mbele, umeliwa upande mmoja ukawa mkali kama msumeno. Akasema, “Betri yenu haina neno. Mmelivisha gari hili makubadhi ya mtu mwingine.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza, nikisoma na kupima, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika ili asije mwenzangu akauza bangili za mjane kwa ajili ya kosa la tairi.

TAIRI HULAJE PETROLI?

Kila aliyepata kupanda baiskeli yenye upepo mchache ajua jawabu katika miguu yake. Na kila hamali aliyesukuma mkokoteni ajua kwamba mzigo ni ule ule, lakini gurudumu lenye kuzama huvunja kiuno. Tairi la gari linapogusa chini hubonyea, na linapoondoka hurudi katika umbo lake. Lakini mpira haurudishi nguvu zote ulizobonyezwa nazo. Hurudisha baadhi, na zilizobaki hugeuka kuwa joto. Gusa tairi la gari lililotoka Malindi sasa hivi, utaona lina moto. Lile joto ni petroli yako uliyoinunua kwa fedha.

Wenye ilimu ya mambo haya wanapima hivi. Tairi bora kabisa, kila kilo 1,000 za uzito zilizo juu yake huhitaji msukumo usiozidi kilo 6.5 ili liendelee kuviringika. Tairi duni huhitaji zaidi ya kilo 10.5. Chukua gari dogo lenye abiria wawili watatu, uzito wote kilo 1,300. Kwa matairi bora msukumo ni kama kilo 8 na nusu, na kwa duni ni kama kilo 13 na nusu au zaidi. Kilo tano hizo gari hulazimika kuzisukuma kila hatua, kutwa kucha, mwaka mzima.

Mwaka 2006 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti juu ya jambo hili, likasema kwamba mzigo wa kuviringika ukipunguzwa kwa sehemu kumi katika mia, petroli hupungua kwa sehemu moja hadi mbili katika mia. Mtu aweza kusema, “Moja au mbili ni nini?” Twamjibu: tofauti ya tairi bora na tairi duni si sehemu kumi, ni zaidi ya thuluthi. Basi zidisha mwenyewe uone.

Tairi bora limepatikanaje? Zamani mpira wa tairi ulitiwa nguvu kwa masizi meusi peke yake, na ndiyo sababu matairi yote ni meusi. Mwaka 1992 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilianza kuuza tairi ambalo sehemu kubwa ya masizi hayo imetolewa, mahali pake pakatiwa silika, kitu cha jamii moja na mchanga wa pwani. Mpira wa namna hiyo haupati joto sana unapoviringika, wala hauachi kushika njia yenye maji. Hivi sasa viwanda vingi vyafuata mwendo huo.

KWA NINI HAIBRIDI ZAIDI?

Gari la kwanza la haibridi lililouzwa kwa wingi, Toyota Prius, lilitoka Japani mwezi wa Desemba mwaka 1997. Siri yake ni kwamba dereva anapopunguza mwendo, ile mota ya umeme hugeuka ikawa kama dainamo ya baiskeli: hufua umeme kutokana na mwendo wa gari na kuuweka betrini, kisha hutumika tena gari linapoondoka. Gari la kawaida huzitupa nguvu hizo katika breki, haibridi huziokota.

Lakini kilichokwisha kuliwa na tairi hakiokotwi. Kile kilichogeuka joto ndani ya mpira kimekwenda na upepo. Ndiyo maana viwanda vinavyounda magari haya hulivisha gari matairi mepesi ya kuviringika tangu siku ya kwanza, na sifa zote za kilomita nyingi kwa lita zimesimama juu ya matairi yale. Tena mjini, ambako mwendo ni mdogo, upepo hauzuii gari sana kama unavyolizuia katika njia kuu, kwa hiyo katika mzigo unaobaki sehemu ya matairi huwa kubwa. Gari la teksi lizungukalo baina ya Kisauni, Majengo na kivuko cha Likoni kutwa nzima, hilo ndilo lenye haja kubwa ya tairi jema.

JINSI YA KUSOMA TAIRI

Tairi ni kitabu kilichoandikwa ubavuni, nasi hatukisomi. Twaanza na namba. Mathalan 175/65R15 84S. Hiyo 175 ni upana kwa milimita. Hiyo 65 ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 65 katika mia ya ule upana. Na 15 ni ukubwa wa ringi kwa inchi. Namba 84 ni uzito ambao tairi moja laweza kubeba, na maana yake ni kilo 500. Na herufi S ni mwendo wa mwisho linaoustahimili, kilomita 180 kwa saa. Namba hizo zilinganishe na kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, au na kitabu cha gari. Uzito na mwendo vyaweza kuzidi vilivyoandikwa pale, lakini visipungue, kwani gari la haibridi hubeba na betri juu ya mzigo wake mwingine.

Tazama pia tarakimu nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT. Zikiwa 2319, maana yake tairi lilifanywa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, ukakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Muuzaji akikataa kukuonyesha tarakimu hizo, mshukuru uende zako. Na ukiona neno STUDLESS au SNOW, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, jua kwamba tairi hilo lilifanyiwa baridi. Magari mengi yatokayo Japani huja nayo, hasa yale ya mikoa ya baridi, na mnunuzi hudhani amepata bahati kwa kuwa meno yake bado ni marefu.

Juu ya hayo kuna karatasi ya daraja. Japani, tangu mwaka 2010, viwanda hulipanga tairi katika daraja tano za wepesi wa kuviringika: AAA, AA, A, B na C, na daraja nne za kushika njia yenye maji, kwa herufi ndogo: a, b, c na d. Umoja wa Ulaya uliweka karatasi yake mwaka 2012, kisha ukaitengeneza upya tangu tarehe 1 Mei mwaka 2021, na sasa ni A hadi E kwa petroli na A hadi E kwa maji. Vipimo vyao viwili vyalingana: AAA ya Kijapani na A ya Ulaya zote ni lile tairi lisilozidi kilo 6.5 nililolitaja juu. AA ni sawa na B, na A ya Kijapani ni sawa na C ya Ulaya. Basi asikudanganye mtu kwa herufi A peke yake. Uliza kwanza ni A ya wapi.

Matairi mengi yauzwayo kwetu huja bila ya karatasi hiyo. Ikikosekana, andika jina kamili la tairi, si jina la kiwanda tu, umpe kijana wako alitafute katika intaneti, kwa maana kiwanda kimoja hufanya matairi mepesi na mazito, na ukubwa mmoja wa tairi lile lile waweza kuhitilafiana daraja na mwingine.

USINUNUE PETROLI KWA DAMU

Hapa naomba msomaji atulie. Tairi lina kazi tatu: kuviringika kwa wepesi, kushika njia, na kudumu. Ni shida sana kuzipata zote tatu kwa ukamilifu na kwa bei ndogo. Lipo tairi jepesi mno la kuviringika ambalo mvua ikinyesha haliaminiki. Basi yafaa kupanga hivi: kwanza shika daraja ya maji, kisha ndani ya yale yaliyo mema katika maji, chagua lililo jepesi zaidi kuviringika. Sisi wa pwani tuna masika na vuli, na mvua ya kwanza juu ya lami yenye mafuta ya miezi mingi ndiyo iliyo mbaya kuliko zote.

Na wala tofauti yake si ndogo. Katika hesabu za ile karatasi ya kwanza ya Ulaya, gari lenye matairi manne ya daraja ya juu na gari lenye ya daraja ya chini, yote mawili yakienda kilomita 80 kwa saa katika njia yenye maji, tofauti ya mahali pa kusimama yaweza kufika mita 18. Zipime mita 18 kwa hatua zako katika barabara iliyo mbele ya chuo, saa watoto wanapotoka. Nilizipima mimi. Ni upana wa barabara, na mtaro wake, na uwanja wetu mpaka kwenye mlango. Tangu siku ile sikutaka tena kusikia habari ya tairi lisilo daraja B katika maji, hata likiahidi kunipa petroli ya bure.

UPEPO NA KUNYOSHA MAGURUDUMU

Tairi bora lisilo na upepo ni tairi duni. Idara ya Nishati ya Marekani yasema kwamba kila ratili moja ya upepo ikipungua katika matairi yote manne, petroli huzidi kwa kiasi cha sehemu mbili katika elfu. Sisi tulikuwa tumepungukiwa na ratili 11, basi hapo tu ni zaidi ya sehemu mbili katika mia, na dawa yake ni bure au shilingi chache katika kituo cha petroli.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwani tairi likipata moto upepo hupanda na kipimo hudanganya. Kibandiko cha mlangoni huandika aghalabu kwa kPa. 230 kPa ni kama ratili 33, na 220 ni kama 32. Usifuate ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani hiyo ni mwisho wa uwezo wake, si kiasi chake cha kawaida. Na asije mtu akasema, “Maadam upepo mwingi wapunguza petroli, nitajaza mpaka liwe jiwe.” Tairi lililojazwa kupita kiasi hugusa njia kwa katikati tu, likaisha katikati, na breki zake hupungua.

Kadhalika alaimenti. Magurudumu mawili ya mbele yasipotazama mbele sawasawa, gari huwa kama watu wawili wachukuao jeneza, mmoja avuta kulia na mmoja kushoto. Watafika, lakini kwa taabu. Alama yake ni ukingo wa tairi kuliwa upande mmoja, au usukani kuvuta. Kila ukibadili matairi, nyosha magurudumu siku hiyo hiyo, ama sivyo utayaua mapya kwa ugonjwa wa yale ya zamani.

PIMA KWA HAKI

Ndugu msomaji, katika kupima petroli mna mitego, nami nilinaswa. Tairi letu la 185 lilikuwa na kipenyo cha kama milimita 621, ilhali lile la asili la 175 ni kama 608. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa safari ile ile, na saa ya kilomita huhesabu mizunguko, haihesabu njia. Kwa hiyo katika kila kilomita 100 tulizokwenda, saa ilituandikia kama 98. Zile kilomita 19 zilikuwa kwa kweli 19.4. Na zile 22 za mwanzo nazo zilikuwa na uongo wake mdogo, kwa sababu tairi lililokwisha meno hupungua kipenyo, nalo humhesabia mtu kilomita ambazo hakuzienda. Tena tairi kipara huviringika kwa wepesi kuliko jipya la namna yake, kwa kuwa mpira wa kubonyea ni mchache. Hiyo si sifa njema ya kipara. Ni kama sifa ya mgonjwa kuwa mwepesi kubebwa.

Basi yeyote atakayevaa matairi mapya, hata yaliyo bora, asistaajabu kuona petroli imezidi kidogo katika wiki za mwanzo. Asimtukane muuzaji, wala asimtuhumu dereva. Ajaze tangi mpaka juu, aende kilomita mia kadhaa, ajaze tena katika kituo kile kile, agawe. Afanye hivyo mara tatu ndipo ahukumu.

Sisi, kwa matairi mapya ya 175, daraja AA ya Kijapani kwa petroli na b kwa maji, upepo ratili 33 na magurudumu yamenyoshwa, tumepata 21 na nusu. Gari lenda kilomita 3,000 kwa mwezi. Kwa 19.4 lilikuwa likinywa lita 154 na nusu, kwa 21.5 lanywa 139 na nusu. Tofauti ni lita 15. Tukikadiria lita kwa shilingi 180, ni shilingi 2,700 kila mwezi. Zile 12,000 nilizojidai nimeziokoa zilikuwa zimekwisha kuliwa kabla ya kutimia mwezi wa tano, na hapo sijahesabu taa ya tuktuk. Kama ningaliliacha gari mwaka mzima, yatima wangalipoteza zaidi ya shilingi 32,000.

Sisemi kwamba kila mtu atapata faida hiyo. Kwetu makosa yalikuwa manne pamoja: mpira wa baridi, ukubwa usio wake, upepo na magurudumu. Mwenye matairi ya daraja ya kati akihamia ya juu, atazamie sehemu tatu hadi tano katika mia, asitazamie miujiza. Na mwenye gari liendalo sokoni na kurudi mara mbili kwa wiki, faida yake ya petroli ni ndogo. Yeye na afikirie zaidi breki za mvua.

NA ASIYE NA FEDHA?

Atasema mtu, “Maalim, wewe wazungumza na wenye nacho. Mimi sina fedha za matairi manne mapya.” Neno lake ni la haki, kwani mimi pia sikuwa nazo, mzee yule alitukopesha mawili, tukalipa kidogo kidogo kutokana na ile ile petroli iliyobaki. Asiyeweza manne na anunue mawili, ayaweke pamoja katika ekseli moja, na mafundi wengi wasema yaliyo mazima zaidi yawe nyuma ili gari lisigeuke mkia wakati wa mvua. Asiyeweza hata mawili, na anunue mtumba kwa masharti: ukubwa ule ule wa kibandiko, mwaka wa karibuni, ubavu usio na nyufa wala uvimbe, si la theluji, na meno yaliyo juu sana ya vile vidutu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji. Vidutu hivyo vina kimo cha milimita 1.6, na tairi likilingana navyo limekwisha kazi. Na upepo, huo hauna maskini wala tajiri. Hata mama wa nyumba, kwa kipimo kidogo cha mkononi, aweza kuupima asubuhi mumewe akinywa chai.

Na fundi akikuambia betri imekwisha, mwambie aipime kwa kompyuta na akuonyeshe kilichoandikwa. Gari letu halikuwa limewasha hata taa moja ya onyo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nasi tulizunguka kote kutafuta ugonjwa, kumbe umo chini ya miguu yetu.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku matairi yalipofungwa, nilimwita mtoto wa ndugu yangu nikamwambia, mbele ya mama yake, “Mwanangu, nilikudhania. Petroli ilikuwa ikiliwa na matairi niliyoyachagua mimi. Nisamehe.” Alinyamaza kidogo, akasema, “Ami, ulikuwa ukilinda mali yetu.” Nikamwambia, “La. Ningalikuwa nikilinda, ningaliuliza kabla ya kununua, na ningalipima kabla ya kukushuku.”

Shemeji yangu bangili zake anazo mkononi. Mtoto wa pili yuko masomoni. Na siku ya Ijumaa iliyofuata kijana alikuja na daftari, akavua viatu, akaketi tukala pamoja.